Wenye ADHD (ile hali ya kushindwa kutulia, kumakinika na kusahau sahau) ukubwani: uliyepiga MRI, ile picha ya ubongo, majibu yalisemaje? Tupeane uzoefu

Fundi Saa
Wakuu, heshima kwenu. Leo kazini kijana kasahau laptop ya ofisi kwenye bajaji, bosi akamwambia "kichwa chako kimelegea nati". Watu wakacheka, mimi nikakumbuka yangu. Nilichoka kuitwa mzembe, nikajichanga nikaenda hospitali moja binafsi kupiga MRI ya kichwa. Nimelala kwenye lile tundu linagonga kama mashine ya kokoto, namwomba Mungu waone kitu, nipate karatasi ya kumwonyesha mke. Majibu: ubongo hauna tatizo. Mke akasoma, akaikunja, akasema, "Kumbe unafanya makusudi." Tangu siku hiyo ikitokea ugomvi, karatasi inatolewa kabatini. Waliopitia haya waje.

Mama Zuhura
Pole kaka. Hapo pa "makusudi" umenigusa.

Jembe Butu
ADHD ya mtu mzima? Hayo mambo ya watoto wa Kizungu. Lala mapema, punguza simu, utapona.

Binti Maramba
Jembe Butu, kaa nikusimulie. Siku ya kuletewa mahari nyumbani Maramba, wazee wamejaa ukumbini, shangazi kapika pilau la kualika mtaa. Washenga wametoka Dar alfajiri. Mjomba wa bwana akafungua mkoba: leso ipo, udi upo, bahasha ya pesa hakuna. Akapekua mpaka kanzu aliyovaa. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, hakusema neno. Shangazi kutoka jikoni: "Huyu ndiye wa kukulisha?" Nikampigia mwenzangu, anaapa kwa Mungu kamkabidhi mjomba mkononi. Pale ukumbini jina la tapeli lilishapita. Nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku dada yake kafungua friji, bahasha hiyo imelala juu ya trei ya mayai. Alikuwa nayo mkononi, akaenda kunywa maji, basi.

Sasa ni mume wangu. Juzi juzi ndiyo kaenda kwa daktari wa afya ya akili, akaambiwa ni ADHD. Hakupigwa picha yoyote. Alihojiwa kwa kirefu, mama mkwe akaitwa aeleze utoto wake, zikatafutwa hadi ripoti za shule ya msingi: "Ana akili ila hatulii."

Kaka Mkubwa
Trei ya mayai! Mahari ilifika lini? Na pilau nani alikula?

Mama Zuhura
Mimi namtaka huyo shangazi.

Binti Maramba
Ilifika wiki iliyofuata, kaileta mwenyewe. Pilau waliila, njaa haina kinyongo.

Mtu wa Picha
Turudi kwenye mada, maana hiki ndicho chumba changu cha kazi. Fundi Saa, ile MRI inatafuta uvimbe, damu iliyovuja, kovu la kiharusi. Kwako havikuwepo, shukuru. ADHD haipimwi kwa picha, popote pale.

Tofauti kwenye ubongo zimeonekana, ila ni za wastani wa kundi. Mwaka 2017 watafiti wa nchi nyingi walitoa matokeo ya picha za watu zaidi ya 3,200, wa miaka 4 hadi 63. Wenye ADHD walikuwa na sehemu tano za ndani ya ubongo zilizo ndogo kidogo, mojawapo amigdala, inayohusika na hisia. Hiyo "kidogo" ilionekana kwa watoto. Kwa watu wazima tofauti ilififia. Ukiniletea picha yako moja, siwezi kusema uko kundi gani. Wamarekani nao mwaka 2007 walionyesha kuwa kwa watoto wenye ADHD gamba la ubongo hufikia unene wake wa juu kwenye miaka 10.5 hivi, wenzao 7.5. Linalochelewa zaidi ni eneo la mbele, la kupanga na kujizuia.

Jembe Butu
Kwa hiyo umekiri, kwa mtu mzima hakionekani kitu.

Mtu wa Picha
Kipandauso nacho kwa kawaida hakionekani kwenye MRI. Kikikushika uniambie kama unajifanya.

Kaka Mkubwa
Jembe kapata mpini leo.

Asiyelala
Mimi sikuwa hivi, nimeanza kusahau baada ya ajali ya boda. Ni hii hii?

Mtu wa Picha
Hapana. ADHD dalili zake huanza kabla ya miaka 12. Wewe hiyo MRI inakuhusu, wahi hospitali.

Mama Zuhura
Kwa wenzangu: wekeni alamu ya kila kitu.

Kaka Mkubwa
Alamu nazizima nikiwa usingizini. Mimi funguo naweka ndani ya kiatu.

Binti Maramba
Wangu aliondoka na ndala.

Fundi Saa
Asante Mtu wa Picha, hayo nitamsomea mke. Nikienda kuhojiwa niende na nani? Mama yangu atasema nilikuwa mtundu tu.

Binti Maramba
Mpeleke huyo huyo. Ila nauli abebe yeye.