Forester SH5, X-Trail T31 au RAV4 ya lita 2.4: ipi injini ya kuaminika?

Mama wa Kasarani: Hamjambo. Nimeuza Vitz, natafuta gari la juu la petroli, la 2008 hadi 2011. Wiki nzima ni Thika Road, mwisho wa mwezi Kinangop kwa mama, na kipande cha mwisho ni matope matupu. Nishaurini kuhusu injini. Rangi na viti si shida yangu.

Dereva wa Ruaka: Dada, Forester uliza kwanza ina injini gani. Ya zamani, EJ20, ina mkanda wa taimingi (unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni), hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Mwishoni mwa 2010 ikaja injini ya FB20, yenye cheni badala ya mkanda. Nguvu ni zilezile, farasi 148. Wengi hukimbilia ya cheni. Mimi ninayo na naipenda, lakini inakula oili: kila Jumamosi lazima nichomoe kijiti nipime. Ringi za pistoni ndizo ugonjwa wake.

Fundi wa Kirinyaga Road: X-Trail ya injini ya MR20DE ni tulivu, farasi 137. Plagi zikikazwa kupita kiasi hedi (sehemu ya juu ya injini) hupasuka. Kinachowaliza watu zaidi ni giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua: mtu anatia oili yoyote, baadaye gari linavuma na kukataa mlima.

Jirani wa Umoja: Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ya lita 2.0 utaisikia ikilemewa ukiwa umebeba watu. RAV4 ya lita 2.4, injini ya 2AZ-FE, ina farasi 170. Ubaya wake ni nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloku. Yangu ilipungukiwa kulanti (maji ya kupozea injini) miezi mitatu bila tone chini. Fundi alipomulika tochi nyuma ya injini, akaona ukoko wa waridi wa kulanti iliyovuja ikakauka.

Fundi wa Kirinyaga Road: Kweli kabisa. Mama, yoyote utakayochagua, ikague ikiwa baridi. Fungua rejeta, washa injini. Viputo visipokoma, gasketi ya hedi imekwisha. Cheni iliyolegea nayo hupiga kelele sekunde za kwanza tu.

Mama wa Kasarani: Nimetoka South B kuona Forester ya 2009. Nimeikuta boneti ni ya moto tayari, na muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini. Nimemwambia narudi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Fundi, utaweza kuja?

Fundi wa Kirinyaga Road: Nitakuja, mama. Mwambie asiiwashe kabla hatujafika.