CVE-2018-1002105 katika Kubernetes: je, logi safi zinatosha kututoa wasiwasi?

Swali
Ndugu wataalamu, nimekabidhiwa klasta (kundi la kompyuta) ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu zinazoendeshwa kwenye kontena, ya toleo 1.11.3 ambayo haijaguswa tangu mtangulizi wangu aondoke. Nimesoma kwamba toleo hilo lina udhaifu wa kiusalama CVE-2018-1002105, uliotangazwa Desemba 2018 na kupewa alama ya ukali 9.8 kati ya 10. Mkuu wangu anasema tusihangaike, kwa kuwa seva ziko nyuma ya ukuta wa moto na logi za ukaguzi, yaani kumbukumbu za maombi yaliyopokelewa, hazina jambo la ajabu. Je, hoja hiyo inatosha?

Jibu la kwanza
Haitoshi, na hoja ya logi ndiyo dhaifu zaidi. Mtu anapoomba kuendesha amri ndani ya podi (kifurushi cha kontena moja au zaidi), seva ya API, ambayo ndiyo lango la maombi yote ya klasta, hulipeleka ombi lake kwa kubelet, yaani wakala anayesimamia nodi (kompyuta ya klasta) husika, ikitumia cheti chake yenyewe. Kosa lilikuwa kwamba kubelet ilipolikataa ombi lililoharibiwa kwa makusudi, seva ya API haikulichunguza jibu hilo wala kuufunga muunganisho, na mshambuliaji akaweza kupitisha humo maombi mengine, yakapokelewa kana kwamba yametoka kwa seva yenyewe. Maombi hayo hayaingii katika logi za ukaguzi za seva ya API. Yanaonekana katika logi za kubelet, lakini huko hayatofautiki na yaliyo halali.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu ukuta wa moto, ambao hauzuii mtu aliyekwisha kuwa ndani. Mtumiaji mwenye ruhusa ya kuendesha amri katika podi moja tu aliweza kuzifikia podi zote za nodi hiyo. Tena, kama mna API ya nyongeza iliyounganishwa na seva ya API, mfano metrics-server inayokusanya takwimu za matumizi, hata asiyejitambulisha aliweza kuishambulia, kwa sababu mipangilio ya awali ilimruhusu kufika hapo.

Muuliza swali
Nashukuru. Nifanye nini wakati nasubiri kibali cha kuzima huduma?

Jibu la pili
Punguza ruhusa za kuendesha amri katika podi, kisha weka `--anonymous-auth=false` kwenye seva ya API, ila hakikisha kwanza kwamba kisawazisha mzigo chenu (kinachogawa maombi kati ya seva) hakitegemei ukaguzi wa afya usio na utambulisho, la sivyo kitaiona seva nzima kuwa imekufa. Kibali kikipatikana, nenda 1.11.5, ambako kosa hili limerekebishwa. Tawi hilo la 1.11 limekwisha kuachwa na watengenezaji, hivyo omba pia muda wa kupanda toleo moja baada ya jingine bila kuruka.