Kuhamia Mombasa na kazi ya friji: nishuke au nibaki Nairobi?

Fundi wa Umoja

Habari zenu. Mimi ni fundi wa friji, naishi Umoja, na kibanda changu kiko Kariobangi Light Industries, huu mwaka wa 11. Kijana niliyemfundisha kazi hapo kibandani alishuka Mombasa akafungua duka Bamburi, na sasa viyoyozi vimemlemea. Anataka tushirikiane nusu kwa nusu. Ananiambia, "Mwalimu, wewe huko unahangaika na friji za bucha, huku nyumba moja ya wageni ina mashine nne ukutani." Hadanganyi. Nairobi tuko juu ya bahari kama mita 1,700, mtu akinunua kiyoyozi ujue ana ofisi au ana pesa za kuchezea. Mwezi wa saba mimi hukaa kibandani nikiota jiko. Baridi inawagandishia watu nyama bure.

Nilienda Agosti kujionea. Treni kutoka Syokimau, tiketi 1,500, jioni niko Bamburi nakula viazi karai kwa ukwaju. Nilikaa siku 5. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala nilionyeshwa kwa 18,000, na hapa nalipa 16,000 chumba kimoja, maji yanakuja siku yanazotaka. Upepo mzuri, usiku nilijifunika shuka. Nikarudi nimeshahama kichwani.

Mke wangu ndiye hajahama. Anauza nguo za watoto za mtumba Gikomba, ana wateja wanaompigia simu hata belo halijafunguliwa. Anasema nimeona Mombasa ya siku 5. Mtoto anaingia gredi ya saba Januari. Mama yuko Emali, ana sukari, kila baada ya Jumapili mbili lazima niende.

Halafu kuna jambo sijamwambia mke. Kijana alinipa mashine moja niifungue, haina miaka miwili. Mapezi ya koili ya nje, yale mabati membamba ya kutoa joto, yalikuwa yanamegeka kwa kidole kama biskuti iliyolowa chai. Chumvi ya bahari. Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Mimi mteja wangu wa soko la nyama la Burma hapa Nairobi nilimtengenezea friza mwaka wa 2016 na bado inagandisha. Huko nitakuwa fundi ambaye kazi yake haidumu.

Waliohama na wenyeji, nisaidieni. Habari za ufuo mniachie, nimeuona.

Nilirudi Kasarani

Kaka, mkeo ana akili. Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa baridi, hata mimi nilidanganyika na Agosti. Nenda Februari, upepo wa joto wa kaskazi ukiwa umekolea, ulale kwenye nyumba ya bati usiku stima imepotea, ndiyo uje utuambie umehama.

Nilikaa Kisauni miaka miwili nikiwa na saluni. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, ukiosha kichwa cha mteja nayo nywele zinakuwa kama ufagio. Kwa hiyo nilikuwa nanunua maji matamu kwa madumu, mikokoteni inapita asubuhi. Mji wenyewe hauna chanzo chake, maji yanatoka mbali: Baricho, Mzima, Marere, Tiwi. Bomba likipasuka huko, nyinyi mnaangaliana. Weka hiyo kwenye hesabu yako ya 18,000.

Lakini maji hayakunirudisha. Nilifungua saluni vile tunafungua huku: kioo mbele, mlango wazi, kijana wa kiume anasuka. Mtaa mzima kina mama wanapita wananisalimu vizuri sana na hakuna anayeingia. Mwaka mzima! Siku moja mama wa nyumba ya pili akaniuliza polepole, "Sasa mwanangu, mimi nikivua buibui hapo, si barabara yote itaniona?" Nikaweka pazia, kijana nikampeleka upande wa kinyozi, wateja wakaja. Ila nilikuwa nimeshakula akiba yote. Kazi nilikuwa naijua, watu ndio nilikuwa siwajui. Huyo kijana wako ana faida hapo, ameshakaa nao.

Mkeo usimwambie "utaanza tu Kongowea." Soko ni kubwa, mitumba ipo, lakini waliokaa pale wamekaa.

Dereva wa 33

Feni usiku kucha, friji, na hicho kiyoyozi utajifungia mwenyewe maana hutavumilia. Tokeni za stima utazihesabu kama rozari. Mimi nimesema tu.

Mzee wa Tudor

Mwanangu Fundi, salaam. Nimefanya kazi ya matengenezo hotelini miaka 26, nimestaafu, kwa hivyo hili nalijua kwa mikono yangu.

Kwanza hiyo koili. Hukuona kazi isiyodumu, umeona mashine iliyofungwa na mtu asiyejua bahari. Ile ya nje huitazamishi upepo utokao baharini ukiweza kuikwepa. Waiweka ubavu wa nyumba, wapaka dawa ya kuzuia kutu kabla ya kuifunga, na kila mwezi waiosha kwa maji matamu, si ya kisima. Maji ya kisima ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Hapo ndipo pana riziki yako. Usiuze matengenezo, uza kuosha: mteja akulipe kidogo kila mwezi. Bara hamna kazi hiyo, ndiyo sababu imekutisha.

Pili, hoteli. Zitakuita Mei na Juni, vyumba vikiwa vitupu, maana wakati wa wageni hakuna atakayekuruhusu kutoboa ukuta. Sasa fikiri: wakuita wakati ambao wao hawana pesa. Mimi nimeona mafundi wakingoja hundi miezi mitatu, kompresa wamenunua kwa pesa zao. Wenye nyumba ndogo za wageni hulipa mkononi. Anza na hao.

Mji huu pia huinama bandari ikiinama. Treni ilipoanza 2017 na makasha yakapelekwa moja kwa moja Embakasi, tuliona maghala yakifungwa na vijana wakikaa barazani. 2022 kazi ya kutoa mizigo ikaamriwa irudi huku, watu wakapumua. Mwenye duka Changamwe asipouza, friji yake haitengenezwi.

Mahali pa kukaa: kazi ikiwa Bamburi, usipange Likoni kwa sababu ya bei. Kivuko asubuhi kitakumaliza. Barabara ya Dongo Kundu, ile inayozunguka kivuko, ni ya mwenye gari, nawe una mfuko wa spana. Mtwapa nako kuna foleni yake, na ile ni kaunti ya Kilifi. Na mtu akija na nyumba ya kuuza rahisi, uliza ardhi ni ya nani. Kwetu nyumba huwa ya huyu na ardhi ya yule, na yule huenda hujamwona maisha yako yote.

Mtoto mwache amalize mwaka. Mama yako wa Emali si mbali: ile treni inayosimama vituoni hutoka Mombasa asubuhi, na Emali husimama.

Na ukiingia dukani, usiseme "nipe soda." Sema "naomba." Wabara mwatushtua.

Ukija, nina ngazi ya hotelini, waliniachia nilipostaafu. Nitakuazima.

Fundi wa Umoja

Mzee, shikamoo, na asante. Dada wa Kasarani, hilo pazia nimelifikiria usiku mzima. Nitaingia vyumba vya watu kufunga mashine na sijui hata nikifika mlangoni nifanyeje. Nimemuuliza kijana. Anasema unabisha hodi, unangoja nje mpaka mwenye nyumba mwanamume aje au wajitayarishe, hata kama ni nusu saa. Kumbe amejifunza mengi ambayo sikumfundisha.

Nimemsomea mke yote, na ya koili nikamwambia. Nilidhani atasema "si nilikuambia." Alicheka. Akasema, "Wewe umeogopa mteja kurudi? Mimi naishi kwa sababu watoto wanarefuka."

Kwa hivyo tumekubaliana hivi. Ninashuka peke yangu Februari mpaka mwisho wa Machi. Kibanda cha Kariobangi ataniangalizia jirani, Gikomba inaendelea, mtoto haendi popote. Nikirudi Aprili tutahesabu pesa mezani, na yeye ndiye atakayehesabu.

Mzee, hiyo ngazi ni ya futi ngapi? Kijana ameshanipatia kazi ya ghorofa ya pili.