Baba alikuwa Namibia mwaka 1989 lakini hakusimulia. Niandike nini kwenye wasifu wake?

Binti wa Free Area, Nakuru

Hamjambo ndugu zangu. Baba yetu alituacha wiki jana. Tunamzika Jumamosi nyumbani Malava, na kamati imeniachia mimi wasifu kwa sababu ndimi niliyekaa naye miaka hii ya mwisho.

Mambo ya familia hayanisumbui. Shida ni jeshi. Najua aliingia 1976 na kustaafu 1997 akiwa sajini, na kwamba alikwenda Namibia na kikosi chetu chini ya Umoja wa Mataifa. Ukimwuliza huko kulikuwaje, alisema, "Kulikuwa na mchanga," kisha akaitisha chai.

Ninachokijua mimi ni pasi. Kila Jumapili jioni, tulipokuwa tukiishi Lanet, alitandika blanketi la kijivu la jeshi mezani, akapepea makaa, akapiga nguo za shule za watoto sita. Mashati kwanza. Ikifika zamu ya suruali za kaka zangu, alizigeuza ndani nje, akasugua kipande cha sabuni kikavu pale laini ya pasi inapopita, akazigeuza tena, akaweka kitambaa chenye unyevu juu na kukandamiza taratibu. Laini ile ilifika Ijumaa haijavunjika. Mama hakuruhusiwa kuigusa hiyo pasi. Majirani walisema mwanamume mzima anafanya kazi ya mkewe, naye alikuwa anawasalimia tu dirishani na kuendelea.

Kuna yeyote aliyekuwa Namibia anieleze walifanya nini? Sitaki kusimama mbele ya watu niseme "alitumikia taifa kwa uaminifu" halafu nikae. Hayo husomewa kila mtu.

Sajini Mstaafu, Gilgil

Pole sana binti yangu, wewe na mama na ndugu zako.

Nilikuwa huko, ingawa huenda hatukuwa kombania moja na mzee. Kazi ilianza rasmi tarehe 1 Aprili 1989, na siku hiyohiyo mapigano yakazuka kaskazini kati ya wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, na vikosi vya Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo. Watu walikufa wengi. Sisi tulivaa bereti za samawati, hatukwenda kupigana na mtu. Kazi yetu ilikuwa kusimamia amani ishike hadi wananchi wapige kura. Naibu kamanda wa majeshi yote ya Umoja wa Mataifa kule alikuwa Mkenya mwenzetu, Daniel Opande. Hilo liandike, watu wa kwetu wamelisahau.

Kura ilipigwa siku tano, 7 hadi 11 Novemba. Mimi ninachokumbuka ni foleni. Akina mama wazee walifika kabla ya jua, wengine na viti vyao kichwani, wakakaa hapo mchana kutwa. Hawakuwa wamewahi kupiga kura huru maishani. Nchi ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990.

Sasa, hiyo sabuni. Nimesoma nikasimama kidogo nje ya nyumba. Hiyo tulifundishwa tukiwa makuruti, kwa sababu afande akikuta laini mbili kwenye suruali, siku yako imekwisha. Wengi wetu tuliapa tukistaafu hatutashika pasi tena. Baba yako aliichukua adhabu ile akawapelekea watoto wake. Kama hujui alichofanya jeshini, hicho ni kimoja.

Mwalimu, Kakamega

Poleni. Nimesikiliza wasifu nyingi huku kwetu, na nakushauri tarehe za jeshi zisizidi aya moja. Namibia iwekee sentensi nne za afande hapo juu. Kisha soma habari ya pasi kama ulivyoiandika hapa, usiirembe. Na mwulize mama yako leo, usingoje Ijumaa nyumba ijae wageni. Baba alikuwa mbali karibu mwaka mzima, lazima aliandika barua.

Kijana wa Kondele

Dada, pole. Jambo moja tu: tafuteni nambari yake ya jeshi na cheti cha kustaafu mapema, mpeleke taarifa kambini na kwa wastaafu wenzake. Sisi tulikumbuka Alhamisi, tukamzika babu bila hata mwenzake mmoja aliyevaa nishani. Bado inaniuma.

Binti wa Free Area, Nakuru

Asanteni. Afande, maneno yako nimemsomea mama mara mbili. Kaka ameshapeleka vyeti kambini Lanet.

Mwalimu, barua ipo. Ni ya Oktoba 1989, kurasa mbili, mama aliiweka ndani ya Biblia. Ukurasa wa kwanza wote ni paa la jikoni Malava: mabati mangapi, fundi yupi asipewe pesa mbele. Wa pili anatuuliza mmoja mmoja kwa jina, nani bado anakohoa, nani amepanda darasa. Kuhusu vita, uchaguzi, mchanga, hakuna neno. Chini kabisa, kabla ya sahihi, ameandika: "Pasi usimwazime mtu, mpini umelegea. Nitautengeneza nikirudi."

Aliutengeneza. Amefunga waya wa shaba, na bado umekaza. Nitaisoma barua nzima Jumamosi, pamoja na habari ya mabati. Ijumaa usiku kaka yangu mkubwa atawasha makaa apige mashati ya wajukuu, na ameniomba nimtafutie kipande cha sabuni.