Berlin hadi Munich: lifti, gari la kuchangia au basi?

Mtoro wa Pangani
Ndugu wanajamvi, natarajia kusafiri kutoka Berlin kwenda Munich, mwendo wa kilomita zipatazo 585, nami ni mwanafunzi ambaye mfuko wake hauruhusu treni ya kasi ya ICE, ingawa hiyo hufika kwa takribani saa nne. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliokwisha kuipita njia hiyo: je, niombe lifti, nichangie gari, au nipande basi?

Kibega
Lifti inawezekana, ila yote hutegemea mahali unaposimama. Mwenda kwa miguu haruhusiwi kuingia kwenye Autobahn, yaani barabara kuu ya magari ya kasi, wala gari haliruhusiwi kusimama kandoni mwake kukuchukua, kwa hiyo ukinyoosha kidole gumba huko, wa kwanza kukusimamia atakuwa polisi. Wanaofanikiwa huanzia kwenye vituo vya mafuta na mapumziko, kama kile cha Michendorf kilichopo kwenye A10, barabara inayoizunguka Berlin, kabla ya kuingia A9 iendayo Munich, ambako gari limekwisha kusimama na dereva anapata nafasi ya kukutazama usoni.

Tazama namba za magari. Herufi za mwanzo hutaja mji au wilaya: B ni Berlin, L ni Leipzig, N ni Nuremberg, M ni Munich. Ukiona gari la M linajaza mafuta Ijumaa jioni, msogelee dereva, msalimu, kisha mwombe kwa adabu. (Tangu 2015 mtu akihama mji anaweza kubaki na namba yake ya zamani, basi usishangae ukijibiwa kwamba anakwenda Potsdam tu, hapo jirani na Berlin.) Anayeishia Nuremberg, mji ulio njiani, mwombe akushushe kwenye kituo cha mapumziko kabla hajaiacha barabara kuu, kwa sababu ukishushwa katikati ya mji utapoteza muda mwingi kurudi njiani. Jumapili usiyategemee malori, kwani yanayozidi tani 7.5 huzuiwa tangu saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo hadi saa nne usiku.

Mama Zuhura
Kaka Kibega amesema kweli, lakini amesema kama mwanamume. Mimi huchangia gari kupitia BlaBlaCar, mtandao unaokutanisha madereva na abiria wa kuchangia safari, kwa kuwa naona jina la dereva, maoni ya waliosafiri naye na kiasi nitakacholipa kabla sijatoka nyumbani. Mwanangu mtoa mada, ukishikilia lifti, muulize dereva anakokwenda kabla hujataja kwako, ili usipomwamini uweze kusema njia zenu ni tofauti bila kumkwaza. Kisha piga picha ya namba ya gari umtumie rafiki, tena dereva akiona.

Fundi Saa
Mmesahau Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa mijini na mikoani Ujerumani nzima, ambayo ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na sasa imepanda hadi 63 kwa mwezi. Ukiwa nayo tayari, treni za mikoa zitakufikisha Munich bila senti ya ziada, ingawa utabadilisha treni mara kadhaa na siku nzima itaishia njiani. Haitumiki kwenye ICE. Asiye nayo apande basi la kampuni ya FlixBus, akate tiketi mapema.

Mtoro wa Pangani
Nashukuruni, wakubwa zangu. Nilisahau kueleza kwamba nina usaili Munich Jumatatu saa tatu asubuhi, na baada ya hapo sina haraka.

Kibega
Kama ni hivyo, wakati wa kwenda panda basi la Jumapili, kwa maana mwenye miadi hana la kufanya kituoni Michendorf. Lifti ijaribu wakati wa kurudi. Wengi huanzia karibu na steshini ya Studentenstadt jijini Munich, kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi U6, wakaomba wafikishwe walau kituo cha mapumziko cha Fürholzen kwenye A9. Hakikisha umeshushwa upande wa mashariki, ambako magari yanaelekea kaskazini.

Mama Zuhura
Na uondoke asubuhi, mwanangu, giza lisikukute kituoni.