Choya, mfagio na jani laini la moyo: nitazitofautishaje, na je, zichanganywe kwa presha?

MkulimaKilosa

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri mimea ya ukoo wa bamia na pamba. Kwenye mpaka wa shamba kuna mitatu.

Wa kwanza ni choya (rozela) ya kupandwa, shina jekundu, ua la rangi ya maziwa lenye doa la damu ya mzee katikati. Wa pili ni gugu la kutengenezea fagio: shina gumu lisilokatika kwa mkono, jani jembamba lenye meno, ua dogo la njano. Wa tatu una ua kama la huo wa pili, ila jani ni umbo la moyo na mmea mzima una manyoya laini, hata shina.

Muuza dawa mmoja mnadani anaelekeza hivi: konzi mbili za choya kavu, konzi moja ya mizizi ya mfagio, konzi moja ya majani ya huo wa tatu, chemsha pamoja nusu saa, kikombe asubuhi na kikombe jioni kwa mwenye presha. Mgonjwa ni mama mkwe, anameza amlodipini (kidonge cha presha) kila siku. Pia kuna mtoto wa miaka 4 mwenye kikohozi kikavu cha siku tatu, na tumeambiwa ute wa mimea hii hutuliza koo. Naomba kujua: mmea wa tatu ni upi hasa, mchanganyiko huo una usalama, na vipimo sahihi ni vipi?

JaniKwaJani

Mkuu, usichemshe chochote kwanza. Ukoo huu unatambulika kirahisi kuliko koo nyingi, na hapo ndipo watu wanapojikwaa: wakishasema "hii ni jamii ya bamia" wanaacha kuangalia, wakati dawa inategemea aina na sehemu ya mmea.

Alama za ukoo ni hizi. Chukua ua lililofunguka ulichane kwa urefu. Petali ni tano, na kwenye tumba zinakuwa zimesokotana. Katikati utakuta bomba: nyuzi za stameni (viungo vya kiume vya ua) zimeungana zikaizunguka shingo ya ovari, na vifuko vya chavua vimejipanga juu ya bomba hilo. Bamia, pamba, choya na mfagio vyote vinalo. Vunja tawi: ganda halikatiki, linachunika kwa kamba ndefu. Ponda jani bichi na maji kidogo kati ya vidole, utahisi ute. Mishipa mikubwa ya jani huanzia pamoja pale kikonyo kinaposhika. Ukiwa na kioo cha kukuzia mara 10, geuza jani uangalie vinyweleo: vingi vimegawanyika kama nyota.

Tahadhari moja: tangu uainishaji wa mwaka 1998 uliotegemea vinasaba, mbuyu, msufi, mkole na mlenda vimeingizwa humu humu. Mlenda una stameni zilizo huru, hauna bomba. Kwa hiyo bomba likiwepo umethibitisha, lakini lisipokuwepo usikimbilie kukataa.

Mmea unaodanganya watu kwa jani ni mbono kaburi. Jani lake linafanana na la pamba, hasa ule mbono wenye majani mekundu mekundu. Kata kikonyo: mbono hudondosha utomvu unaoacha doa kwenye nguo, wakati jamii ya bamia haina utomvu wa kudondoka, ina ute tu. Mbegu za mbono zinatapisha na kuharisha vibaya sana, kwa hiyo jaribio hilo la sekunde chache lina thamani.

Sasa mimea yako. Choya ina vikombe viwili chini ya ua: kile kikubwa kinachonenepa, na nje yake duara la vijani vyembamba. Usiichanganye na ule mmea wa katani jamii ya choya, ambao ua linafanana kabisa ila kikombe chake hakinenepi, kina nywele kali, na shina lina vimiba.

Mfagio na mmea wako wa tatu havina hilo duara la nje, na tunda halipasuki kama la bamia. Linaachana vipande vipande kama kipande cha keki, na vipande hivyo ndivyo vya kuhesabu. Mfagio wa jani jembamba (*Sida acuta*) kwa kawaida una 6 hadi 8, kila kimoja kina ncha mbili fupi. Ndugu yake wa jani la msambamba, yaani umbo la pembe nne (*Sida rhombifolia*), una 10 au karibu na hapo, kikonyo cha ua ni kirefu, na sehemu ya jani iliyo karibu na kikonyo haina meno. Huo wa tatu unaweza kuwa *Sida cordifolia* au *Abutilon*. Vunja tunda lililokauka: *Sida cordifolia* ina vipande kama 10, mbegu moja moja, na ncha mbili ndefu zenye vimiba vinavyonasa kwenye nguo. *Abutilon* ina vipande vingi zaidi, mara nyingi 20 na kuendelea, na kila kimoja kina mbegu mbili au tatu.

MkulimaKilosa

Asante sana mkuu. Nimevunja matunda matatu ya huo wa tatu. Mawili yana vipande 10, moja lina 9. Mbegu ni moja kwa kila kipande, na zile ncha ndefu zimenasa kwenye mkono wa shati.

MfamasiaPwani

Basi ni *Sida cordifolia*, na hapo mchanganyiko wa mnadani unafutwa moja kwa moja. Mmea huo una alkaloidi (kemikali kali za mimea) za kundi la efedrini. Kiasi kinatofautiana sana kati ya mmea na mmea, mara nyingi ni kidogo, lakini kazi ya efedrini inajulikana: inabana mishipa ya damu na kuupeleka moyo mbio. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye alkaloidi hizo mwaka 2004, baada ya visa vya shambulio la moyo na kiharusi. Yaani unampa mgonjwa wa presha mmea mmoja wa kushusha na mwingine wa kupandisha, kwenye kikombe kimoja, kwa kipimo cha konzi. Kama presha itabadilika, hakuna atakayejua ni kipi kimefanya nini.

Mizizi ya mfagio nayo iacheni. *Sida acuta* ina kriptolepini, alkaloidi yenye nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima kwa kuangalia mzizi. Na jamaa yake wa karibu huko Brazili amelemaza mbuzi waliomla kwa muda mrefu, kwa sababu ya sumu inayozuia seli kuvunja sukari fulani, zikajikusanya kwenye seli za neva.

Choya peke yake ndiyo yenye ushahidi wa maana. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, kwa watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo. Walikunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, kila kikombe mililita 240 za maji na gramu 1.25 za choya kavu. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7.2, na waliopewa kinywaji cha kufananishia ikashuka 1.3. Ni msaada wa kweli, ila ni mdogo, na watu hao hawakuwa wakitumia dawa za presha.

Kipimo cha nyumbani: choya kavu iliyovunjwavunjwa, gramu 1 hadi 1.5, karibu kijiko cha chai kisichojaa. Mizani ndogo ya jikoni ni bora kuliko kijiko, na hiyo "konzi" haifai kabisa kwa sababu konzi ya mtu mmoja ni mara mbili ya mwingine. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 6, chuja. Usichemshe nusu saa: rangi nyekundu ndiyo sehemu ya dawa, na moto mrefu unaiharibu hadi kinywaji kigeuke kahawia. Sukari usiweke. Juisi ya choya ya kwenye sherehe, yenye sukari tele, haina nafasi kwenye mazungumzo ya presha.

Chombo kiwe cha kioo, udongo uliochomwa vizuri, enameli isiyobanduka au chuma cha pua. Choya ni kali kwa asidi, inakula sufuria za alumini.

Kuhusu mama mkwe: amlodipini isiachwe wala kupunguzwa. Akitaka kuongeza choya, amwambie kwanza daktari wake, aanze na kikombe kimoja, na presha ipimwe kila siku muda uleule kwa wiki mbili. Kizunguzungu anaposimama ni ishara ya kusimamisha choya na kupima presha hapo hapo. Anayetumia hidroklorothiazaidi (dawa ya presha ya kukojoza) awe makini zaidi kwa kuwa zote mbili zinaongeza mkojo. Mjamzito asiitumie kama dawa. Vilevile asimeze vidonge kwa choya: utafiti wa Sudan wa mwaka 1994 ulionyesha karkade, ambayo ndiyo hii hii, inapunguza klorokwini (dawa ya malaria) inayofika kwenye damu. Maji matupu yanatosha.

Mkaushaji

Naongezea upande wa choya yenyewe, kwa sababu kipimo kizuri cha bidhaa mbovu hakisaidii.

Vuna kikombe cha ua, ambacho ndicho choya yenyewe, kikiwa kimenenepa, kinavunjika kwa kidole kama karoti changa, na tunda la ndani bado ni kijani. Ukisubiri tunda likauke, kikombe kinakuwa kigumu na chenye nyuzi. Toa tunda kwa kipande cha bomba jembamba kilichonolewa ukingo, sukuma kutoka chini, kikombe kibaki kizima. Osha kabla ya kukausha. Anika kivulini kwenye chekeche iliyoinuliwa, safu moja, hewa ipite chini. Jua kali linakausha haraka lakini linafubaza rangi. Kilo 10 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Iko tayari ikikatika kwa mlio. Ikipinda kama ngozi bado ina maji, na ukifunga hivyo ukungu utaanzia kwenye lile kunjo la chini ambapo kikonyo kilikuwa. Kabla ya kununua chana vipande vitano uangalie hapo.

Kwa choya ya sokoni inayotiliwa shaka kupakwa rangi: chukua vijiko viwili vya maji yake, tia chembe ya magadi. Rangi ya asili inageuka samawati au kijani kibichi papo hapo, na ukikamulia ndimu inarudi nyekundu. Ikibaki nyekundu kwenye magadi, hiyo ni rangi ya dukani.

BibiMlenda

Mwanangu, la mtoto nalijibu mimi, maana limesahaulika.

Ute unatuliza kwa kufunika koo, hauui wadudu wala kukata kikohozi. Kwa hiyo tumia ulio chakula: bamia. Kata changa 4 vipande vyembamba, loweka kwenye glasi moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, saa mbili mahali pa baridi, chuja kwa kitambaa safi. Maji yasiwe ya moto, ute wa baridi unatoka laini zaidi. Mpe vijiko vya chai 2 au 3 kwa wakati, polepole, mtoto akiwa amekaa. Yanatumika siku hiyo hiyo, kesho mwaga, kwa kuwa ute unachacha haraka. Kama anakunywa dawa ya hospitali, pitisha saa mbili kwa kuwa ute unachelewesha dawa kuingia mwilini. Kwa panya imeonekana maji ya bamia yanazuia metfomini (dawa ya kisukari), kwa hiyo wazee wa kisukari nao waangalie. Usiku asali nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai; mtoto wa chini ya mwaka 1 haruhusiwi asali kabisa.

Akilala, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, ni kituo cha afya usiku huo huo. Kikohozi kikifika wiki mbili apimwe kifua kikuu.

Na mkishaanza kuchimba ukoo huu, viwili msiviguse. Mbegu za mlenda: majani ni mboga, lakini mbegu zina sumu ya moyo. Na mizizi ya pamba, ambayo wanawake hupewa ya kushusha hedhi. Ina gosipoli, sumu ya asili ya pamba. China iliwajaribu wanaume kwa dawa hiyo kama uzazi wa mpango miaka ya 1970, ikaachwa kwa sababu potasiamu ya damu ilishuka na wengine hawakurudi kuzaa.

MkulimaKilosa

Shukrani bibi, na wakuu wote. Bamia ipo bustanini, na mtoto pumzi zake ni 28. Swali moja: hiyo *Sida cordifolia* niing'oe yote?

JaniKwaJani

Ing'oe iliyo karibu na choya, kabla vipande vya matunda havijadondoka, na uchome matunda yake. Wakati wa mavuno zile ncha zinanasa kwenye magunia na kwenye choya inayokauka. Mfagio wa jani jembamba acha upande wa njia, kwa kufagilia.