Acheni kudanganya watu kwamba kitako cha plastiki cha bunduki kinapakwa rangi kwa kopo moja tu!

Wakuu, hasa mnaowinda huku Texas, nimechoka na hawa walimu wa video.

Shemeji yangu ana Remington 700 ya kuwindia kulungu, kitako cheusi cha plastiki. Alitaka kukipaka rangi za majani makavu kabla msimu haujafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Akafuata video hatua kwa hatua, akanunua kopo la rangi ya kupuliza lililoandikwa kwamba linashika plastiki yoyote bila praima, yaani ule mpako wa kwanza wa kushikisha rangi. Kila alichoambiwa alikifanya. Sasa hivi rangi inatoka kwa jasho la kiganja. Ukiikwangua kwa ukucha inabanduka kama ngozi iliyobabuka.

"Plastiki yoyote" ndiyo nini? Kuna vitako vya fibaglasi, hivyo rangi inavipenda. Kuna vya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, navyo vinakubali ukivisugua vizuri. Halafu kuna vya polipropilini, ambavyo vimejaa kwenye bunduki za bei nafuu. Polipropilini kwa asili yake haishikani na kitu. Hata gundi nyingi zinaikataa. Juu yake mara nyingi kuna mabaki ya dawa inayopakwa kwenye kalibu kiwandani ili kitako kitoke bila kung'ang'ania. Unapuliza rangi juu ya hayo yote, itashika wapi?

Na dawa yake ipo! Bampa nyingi za magari ni za jamii hiyohiyo ya plastiki, na fundi wa bampa anayejua kazi hapulizi rangi kabla ya kuosha, kusugua na kupaka ile praima ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Gereji wanajua hili miaka yote. Sabuni ya vyombo kwanza, kausha, spiriti, msasa namba 320 au 400 mpaka mng'ao wote uishe, spiriti tena, na baada ya hapo usishike kwa mikono mitupu. Praima, kisha rangi nyembamba nyembamba, kisha uache ikomae siku kadhaa, si kuishika jioni ileile. Video nzima haikutaja hata kimoja!

Kilichonipandisha hasira zaidi ni aliyemshauri akaushe kitako kwenye oveni ya jikoni. Oveni ya kupikia watoto chakula! Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na inalegea mapema zaidi ya hapo. Kikipinda, kinaweza kugusa mtutu na shabaha imekwenda.

Mwingine anaonekana anapuliza bunduki ikiwa nzima, triga na sefti (kile kizuizi cha kufyatua) viko palepale. Hiyo ni hatari. Hakikisha haina risasi hata moja, toa bolti (kile chuma cha kusukumia risasi nyuma ya mtutu), fungua skrubu za chini, tenga chuma na kitako, na ile sehemu ya ndani chuma kinapolalia izibe kwa tepu. Rangi ikikaa pale, chuma hakilali tena kama kilivyokuwa. Rangi ikiingia kwenye sefti, sitaki hata kufikiria.

Na hakuna anayesema kwamba dawa ya mbu yenye DEET inalainisha rangi hizi, wala kwamba dawa za kusafishia mtutu zinazila. Mwindaji wa Houston ataachaje dawa ya mbu?

Nyie wenye video, futeni au rekebisheni. Watengenezaji wa makopo, andikeni wazi ni plastiki gani.

Wadau ambao mmepaka kitako cha polipropilini na rangi ikamaliza msimu mzima porini, wekeni hapa mlitumia praima gani. Shemeji itabidi akwangue yote aanze upya, na msimu unakaribia.